Kamba Iliyopita Chumbani

“Hiyo kamba inapita chumbani kwangu.”

“Bado si chumbani kwako. Hatujasaini.”

“Na hatusaini, fundi. Kamba ikiwa humo ndani, hatusaini.”

Nikimwita mume wangu fundi, anajua hali ni mbaya. Siku za kawaida ni baba Chiriku. Siku nzuri namwita jina ambalo halikuhusu.

Tulikuwa tumesimama uani, kwenye nyumba tuliyokuwa tunainunua. Ndogo, ya zamani: vyumba viwili, sebule, jiko, vigae vimeota ukungu. Imekaa katikati ya kiwanja kikubwa kama kifungo kimoja kwenye koti. Majirani wameshapandisha maghorofa pande zote, hata soksi zao zikipeperushwa na upepo zinatua huku. Mimi ni fundi cherehani. Nilikuwa nikipita hapo kupeleka nguo za wateja, natupia jicho dirisha la jiko, pana, linalopokea jua la asubuhi lote. Nilishapanga cherehani ikae wapi kabla sijajua mwenye nyumba ni nani.

Basi tukampata mwenye nyumba, bibi mmoja anayehamia kwa mwanawe, tukakubaliana. Mchana huo wakili alikuwa anatusubiri tusaini, mimi na mume wangu, wote wawili. Nikaenda kumchukua mtoto shuleni. Kurudi, mtoto akakimbilia ndani, mimi nakuta mume wangu ameshapigilia vigingi kiwanja kizima. Amechora msingi wa ghorofa. Na kwa kuwa fundi mwashi akitaka kujua pembe zake ziko sawa lazima avute kamba ya mshazari, kona hadi kona, na nyumba iko katikati, kamba ameiingiza dirisha la chumbani, ikapita sebuleni, ikatokea dirisha la jiko. Dirisha langu.

“Nisikilize basi,” alisema. “Hii nyumba inabomolewa. Hapa inasimama ghorofa. Chini tunakaa sisi, juu wapangaji. Hakuna binadamu atakayetuambia tena tuhame.”

“Hela ya kujengea inatoka wapi?”

Simu ikatetemeka mfukoni mwake. Akaitazama, akataka kuirudisha.

“Soma,” nikamwambia.

“Ni mambo ya kazi tu.”

“Yasome hayo mambo ya kazi.”

Akanipa simu badala ya kusoma. Ulikuwa ujumbe wa mkandarasi wake:

“Gari linaondoka Jumatatu asubuhi. Jina lako nimeshalipeleka. Mkataba huu ni mrefu kuliko ule wa kwanza, ila unalipa. Usiniangushe.”

“Mrefu kuliko wa kwanza,” nikarudia. “Ule wa kwanza ulimwacha mtoto hana meno, ukamkuta anasoma vitabu.”

“Nilitaka tusaini kwanza, halafu nikwambie.”

“Ungeniambia ukiwa kwenye gari?”

Dalali, ambaye muda wote alikuwa amejibanza ukutani na faili lake, akaona aokoe jahazi. “Shemeji, haya ni mambo ya ndani. Twendeni kwa wakili, mengine mtamalizia huko kwenu.”

“Mimi si shemeji yako. Hakuna ndugu yako aliyeoa kwetu.”

“Sawa, shemeji.”

Bibi mwenye nyumba akatokea mlango wa jiko, amebeba beseni la vyombo. Akasimama mbele ya kamba.

“Nyie gombaneni, sikatazi. Ila mtu aniinulie hili likamba nipite. Muda wote huu naruka kama mbuzi.”

Mume wangu akakimbia kumwinulia.

“Na mapazia naondoka nayo,” bibi akaongeza akipita. “Fimbo zake naacha. Msije mkasema sikusema.”

Kamba ilikuwa imezidi, ncha inaburuta chini. Mume wangu akaishika, akanyoosha mkono kwenye pochi yangu.

“Mkasi wako umo humu?”

“Usiuguse!”

“Kamba kidogo tu.”

“Ule ni wa vitambaa. Unaujua.”

Anaujua vizuri. Mkasi wa kitambaa ukikata kitu kingine unakufa makali, unaanza kutafuna nguo za watu. Aliwahi kuukatia boksi, nikamnunia mpaka alipoanza kuomba radhi kupitia kwa mama yangu. Akaurudisha mkono wake taratibu, akalikaza zaidi fundo la kamba kwenye kigingi.

Nikaingia chumbani. Akanifuata. Kamba ikawa katikati yetu, usawa wa kiuno, yeye upande wa dirisha, mimi upande wa mlango.

“Unajua kule tulikopanga, upande wako wa kitanda nimeuwekea nini?” nikamuuliza.

“Vitambaa. Nimevikuta.”

“Unajua kwa nini?”

“Nafasi ndogo.”

“Nafasi ndogo! Ni ili nikigeuka niguse kitu. Nimelala na sare za shule za watoto wa watu. Nimelala na magauni ya wasimamizi wa harusi. Nikikupigia, nasikia mashine ya zege kuliko ninavyokusikia wewe. Nimeshajua kuitofautisha, hii inachanganya, hii inamwaga. Sauti yako ndiyo naisahau.”

Alikuwa anachezea futi yake ya kupimia, anaivuta, anaiachia, inarudi kwa kishindo. Ndivyo anavyofanya akiwa na la kusema.

“Mimi je?” akasema mwishowe. “Unadhani mimi ni tofali? Kila nikimaliza nyumba ya mtu, kabla sijakabidhi funguo, napita chumba kwa chumba. Nikiona dirisha zuri nasema, hapa angekaa yule na cherehani yake. Halafu nakabidhi funguo za watu, narudi kulala kwenye kontena. Nimechoka kukuweka kwenye madirisha ya wengine. Nataka nikujengee lako.”

Hapo nilitaka kulia. Lakini mimi nikianza kulia siwezi kuongea, na nilikuwa bado na ya kuongea.

“Langu liko pale,” nikamwonyesha jikoni. “Limeshajengwa. Umelipitishia kamba.”

“Dirisha la zamani lile. Fremu zimeoza.”

“Wewe si fundi? Fremu ni kazi ya mchana mmoja.”

“Na tutakula nini? Fremu?”

Nilikuwa nimelisubiri hilo swali. “Mashine yako ya kufyatulia tofali iko wapi?”

“Kwa kaka yako. Imeota kutu.”

“Kutu inasuguliwa. Angalia nje. Mtaa mzima unajenga, na kila tofali linaletwa na lori kutoka mbali. Sisi tuna uwanja wa kufyatulia na kuanikia, tuna maji, tuna lango linalopitisha gari. Nyumba ndogo ndiyo faida yake hiyo, imetuachia kiwanja.”

“Mimi nifyatue tofali? Nimesimamia mafundi kazi kubwa kubwa, leo nirudi kuchanganya udongo kama kibarua? Wenzangu watasemaje?”

“Watakuja kununua.”

“Wewe hulijui hili jambo. Mwanamume ana heshima yake kazini.”

“Nalijua. Heshima yako huwa naiona ikiniaga stendi.”

Akavuka kamba, akanipita, akatoka nje. Nikamfuata. Bibi alikuwa ameshapakia vyombo, amekaa juu ya beseni lake lililogeuzwa, dalali anampepea kwa faili. Wote wakajifanya wanatazama vigae.

“Basi tuseme hivi,” mume wangu akaanza. “Mkataba huu wa mwisho. Nikirudi—”

“Ulisema hivyo ule wa kwanza.”

“Safari hii—”

Simu yake ikaita.

Akaitoa. Akatazama kioo. Akanitazama mimi, mikono yangu yote miwili iko kiunoni.

“Wewe ndiye unanipigia,” akasema.

“Mimi?”

Nikapapasa pochi. Simu haimo. Akapokea, akaweka sauti ya wazi.

“Haloo?”

“Shikamoo baba.”

Alikuwa Chiriku, binti yetu. Alikuwa ndani, chumba kile cha pili. Sauti yake tuliisikia mara mbili, kwenye simu na dirishani.

“Marahaba, mama yangu. Uko wapi?”

“Niko huku. Baba, una nafasi?”

“Ninayo. Lakini mbona unapiga simu? Mimi niko hapa nje. Si uje?”

“Aa, hapo nje uko kazini.”

“Siko kazini, mwanangu. Naongea na mama.”

“Una futi mkononi. Ukiwa na futi tunaambiwa tusikusumbue. Kwenye simu ndiyo unakuwa baba.”

Dalali akaacha kupepea. Mume wangu akaitazama ile futi kama vile ameokota kitu cha mtu.

“Baba? Unanisikia? Au mtandao?”

“Nakusikia.”

“Nilitaka kukwambia mama amekasirika. Ukirudi nyumbani umbembeleze. Anapenda ukimchekesha.”

Hakuna aliyecheka. Nikageukia ukuta, nikajifanya nimeingiwa na vumbi. Si kosa la mtoto. Ndivyo tulivyomlea, habari zote muhimu, jino limetoka, amekuwa wa ngapi darasani, joto limepanda, amempa baba yake kwa simu. Baba alikuwa mle kwenye simu. Huyu mrefu wa uani alikuwa mtu wa kazi.

“Subiri kwenye simu,” mume wangu akamwambia. “Usikate.”

“Sikati.”

Akafungua ujumbe wa mkandarasi. Vidole vyake vinene vile, vya saruji, huwa vinakosea herufi. Aliandika polepole, akafuta, akaandika tena. Kabla hajatuma akanionyesha:

“Siji Jumatatu. Mwite mwingine. Nimepata kazi nyumbani, ya kudumu. Ukihitaji tofali nitafute.”

“Usitume kwa ajili ya hasira zangu,” nikasema. “Kesho usije ukaninunia.”

“Situmi kwa ajili yako. Mwanangu ananipigia simu nikiwa ng’ambo ya ukuta.”

Akatuma. Hapo hapo, mbele yetu. Simu ya mkandarasi ikaanza kuingia, akaikataa. Ikaingia tena, akaikataa tena.

Kisha akaenda kwenye kigingi cha kwanza, akainama kufungua kamba. Fundo lilikataa. Alilikaza mwenyewe, kwa hasira zake mwenyewe.

“Bibi, una kisu?”

“Visu nimefunga chini kabisa ya mzigo. Sifungui mzigo kwa ajili ya kamba yako.”

“Dalali?”

“Mimi nina kalamu tu, shemeji.”

Akavuta kwa meno. Akatema nyuzi. Jamani, yule mwanamume nampenda.

Nikafungua pochi, nikatoa mkasi wangu kwenye kitambaa chake, nikampa.

Hakuupokea. “Huu? Si wa nguo?”

“Kata.”

“Utakufa makali.”

“Nitaunoa. Kata kabla wakili hajafunga ofisi.”

“Tushike wote, basi. Usije ukasema ni mimi.”

Tukaushika wote, vidole vyake juu ya vyangu, saruji juu ya alama za sindano. Kamba ilikuwa imevutwa sana; ilipokatika ilirudi mbio, ikapita dirisha la jiko, sebuleni, chumbani, tukaisikia ikianguka sakafuni.

“Haya,” bibi akasema akinyanyuka, “sasa nani ananibebea beseni?”

Mume wangu akaichukua ile futi, akaitia kwenye pochi yangu, kando ya futi yangu ya kushonea. Akaingia ndani mikono mitupu, simu sikioni. Nilimwona kupitia dirishani akisimama mlango wa chumba cha pili.

“Baba?” Chiriku akasema kwenye simu, anamtazama.

“Naam.”

“Nikate?”

“Kata, mwanangu. Nimefika.”

Akakata. Tukaenda kusaini.