Kilo Sitini na Moja na Nusu

Jumapili saa mbili asubuhi, binti alifika kuwasalimu wazazi wake na kumkuta baba, fundi cherehani mstaafu, ameketi kando ya kitanda akiwa ameushika mkono wa mama. Mkono ulikuwa wa baridi. Daktari alisema moyo ulishindwa kazi, maji yakajaa mwilini hadi mapafuni, na mgonjwa alikata roho kwenye saa kumi alfajiri. Mwili wake ulikuwa na kilo sitini na saba.

Kilo hizo ndizo zilizomfanya binti aite polisi. Miezi miwili nyuma alikuwa amewanunulia wazee mizani inayotuma vipimo kwenye simu, pamoja na programu inayomruhusu msaidizi wa akili mnemba kuzisoma kumbukumbu zake. Mgonjwa wa moyo akiongezeka kilo mbili ndani ya siku chache, hayo ni maji, na dawa yake ni hospitali siku hiyo hiyo. Kumbukumbu zilisema kilo sitini na moja na nusu, wiki nzima. Kipimo cha mwisho kiliingia Jumapili ile ile, saa kumi na mbili na nusu asubuhi.

"Maiti haipandi mizani, Inspekta," binti alisema, macho mekundu. "Ni yule muuguzi anayemhudumia mama. Kaziandika namba mwenyewe afiche uzembe wake."

Inspekta, mwanamke ambaye wenzake walimwita Bi Taratibu, alianza kukagua nyumba. Alizunguka sebuleni. Mizani ilikuwa chini ya meza ya cherehani, na kando yake, sakafuni, pasi nzito ya mkaa. Kitini palilazwa magauni matatu ya marehemu, yamefumuliwa kiunoni na kushonwa upya kwa uzi mpya. Aliyatazama kwa muda mrefu, kisha akaenda zake.

Jumatatu alimhoji muuguzi. Alikuwa mwembamba, na aliongea akiwa ameikumbatia leseni yake ya kazi, ambayo ingefutwa jalada likifika mahakamani.

"Ulimwona lini mara ya mwisho?"

"Jumatatu iliyopita, afande. Nina wagonjwa kumi na wanane, kila mmoja namtembelea mara moja kwa wiki. Siku nyingine namuuliza msaidizi kwenye simu."

"Unamuulizaje?"

"Mgonjwa wangu ana uzito gani leo? Ananijibu, naandika."

"Basi?"

Muuguzi aliinamisha kichwa. "Basi, afande."

"Na Jumapili, saa kumi na mbili na nusu?"

"Nilikuwa wodini. Daftari la zamu lina saini yangu."

Daftari lilikuwa nayo kweli. Inspekta akaichukua simu ya muuguzi na kumuuliza msaidizi kwa namna nyingine: ampe kila kilichopimwa kwa siku thelathini, na kila kipimo kimeingiaje. Jibu lilikuja ukurasa mzima. Hakuna namba iliyoandikwa kwa mkono. Zote zimetoka kwenye mizani. Ila mizani ile, mtu akiikanyaga peku, hupima pia mafuta ya mwili. Hadi Jumatatu ya wiki iliyopita, mafuta ya mama yalikuwa thelathini na sita kwa mia. Kuanzia Jumanne yakawa kumi na nne.

Muuguzi alisoma, akaanza kulia. "Yalikuwepo haya. Mimi sikuuliza."

Jumanne saa nne asubuhi wote walikutana sebuleni kwa fundi.

"Mzee," Inspekta alisema kwa upole, "naomba upande mizani."

"Mimi, mwanangu? Ya nini?"

"Panda tu, baba," binti alisema. "Tumalize."

Alipanda peku. Hamsini na saba. Inspekta akaiinua pasi kwa mikono miwili na kumkabidhi.

Sitini na moja na nusu.

"Fundi wa miaka arobaini kazini haweki pasi sakafuni," Inspekta alisema. "Na hapanui viuno vya magauni matatu bila kujua aliyemo ndani anavimba. Ulijua kabla yetu sote."

Binti alishika ukuta. "Baba?"

Mzee alibaki juu ya mizani, pasi kifuani.

"Mara ya mwisho walimlaza hospitali siku arobaini," alisema. "Akarudi hajui jina langu. Ilinichukua miezi kumrudisha. Nikasema hawamchukui tena. Hizi dawa zitamtoa maji hapa hapa, nyumbani kwake. Nikamwambia mama yako kwamba muuguzi kasema asisimame, apumzike. Jumapili sikutaka kumwamsha. Nilijipima kwanza, ndipo nikaingia na chai."

"Umemuua!" binti alipiga kelele. "Baba, umemuua mama!"

Muuguzi ndiye aliyemshika asianguke, yeye ambaye juzi alikuwa muuaji.

Inspekta alingoja kilio kipungue. Swali lililobaki hakulipenda, lakini jalada haliandikwi nusu.

"Mzee, alikuomba ufanye hivyo? Alikataa hospitali?"

Ingekuwa rahisi kusema ndiyo. Marehemu hawezi kumsuta mtu, na pale hapakuwa na shahidi mwingine. Mzee alimtazama binti yake.

"Hapana," alisema. "Aliona nguo zinambana, akafurahi. Akasema, mume wangu, naona nimeanza kunenepa. Nimepona."