Gauni Jekundu Siku ya Ashura

"Nani kafariki, dada?" aliuliza Twalib, fundi cherehani wa soko la Musoma, akipima kitambaa cheusi.

"Huseni."

"Pole sana. Lini?"

"Zamani sana. Karne na karne."

Twalib alitazama viatu vya kijani vya yule binti, akatazama uso wake, akagundua anataniwa, akaona aibu. Binti akacheka, na kicheko kile kikamkosesha usingizi. Aliitwa Hasna, Mshia wa Bunda. Twalib alikuwa Msuni wa Mwisenge, na mapenzi hayakumuuliza dhehebu.

Simu hazikukatika. Waligombana jambo moja tu: nani alistahili kushika nafasi baada ya Mtume. Mwisho wakakubaliana mambo hayo wasiyaguse kabisa, na hapo ndipo walipokosea.

Mwaka uliofuata Ashura, siku ya kumi ya mwaka wa Kiislamu, ikafika. Twalib alifunga, kama kwao walivyofunga siku zote kushukuru Nabii Musa kuokolewa na Firauni. Kwake ilikuwa siku ya heri. Akatuma Bunda kwa basi la asubuhi gauni jekundu alilolishona mwenyewe, na sinia la halua.

Mchana simu ikalia.

"Twalib, halua leo?"

"Imefika, mpenzi?"

"Imefika tukimlilia Huseni, mjukuu wa Mtume. Baba anasema mnasherehekea kuuawa kwake." Akakata.

Twalib alifunga kibanda, akapanda gari la Bunda. Kurudi nyuma hakukumjia akilini. Alimkuta baba yake Hasna ukumbini, kanzu nyeusi, macho mekundu.

"Shikamoo, Baba. Nimekosa. Huseni aliuawa kwa dhulma, hata sisi hatulifurahii hilo. Nilijua mnamlilia, sikujua siku yenyewe ni leo."

"Na baada ya Mtume, nafasi ilikuwa ya nani?"

Uongo mdogo tu ungempatia mke.

"Ninavyoamini mimi, Baba, ya Abubakar."

"Sisi tunasema Ali."

"Najua. Hasna hatasikia kwangu neno la kumbadilisha."

"Na mimi sitambadilisha," Hasna alisema mlangoni, shungi jeusi kichwani. "Ila simuachi, Baba. Bora nikwambie mapema."

Mzee aliitazama midomo ya kijana ilivyopauka.

"Umefunga?"

"Ndiyo, Baba. Nafungaga kila mwaka."

Jua lilikuwa limezama, wekundu bado uko angani. Mzee aliinuka mwenyewe, akaleta maji na tende.

"Kwetu magharibi bado, mpaka wekundu ule uishe," alisema. "Kwenu imeshaingia. Kunywa. Posa haizungumzwi mwezi huu. Mfungo sita, msiba ukiisha, uje na wazazi wako."

Twalib alikunywa. Mzee alipotoka kutawadha, Twalib alimgeukia Hasna.

"Na gauni?"

"Nimelikunja sandukuni. Litangoja, na mimi nitangoja."