Mbegu Zisizoanikwa

Walikutana posta kwenye foleni ya vifurushi, watu wamebanana kama njiti za kiberiti, binti na gauni lake la kijani na viatu vyenye matope.

"Dada, umetoka kulima au ndiyo unakwenda?" fundi simu aliyesimama nyuma yake alimchokoza.

"Natoka bustani ya mimea. Natunza miti inayokwisha duniani."

"Basi nitunze na mimi. Wanaume wazuri tumebaki wachache."

Alicheka hadi zamu yake ikampita.

Mapenzi yakakolea, simu asubuhi, simu mchana, "laazizi, umekula?" Mama yake binti alipougua, binti akaenda kumuuguza na kumwachia fundi kazi moja: apokee mfuko wa mbegu posta. Bustani ilikuwa na mti jike mmoja tu wa aina ya mbegu hizo, hauna dume la kuuzalisha. Porini, mti uliozaa mbegu hizo ulikuwa umeshakatwa. Nyingine hazikuwapo.

"Zimefika, malkia wangu," fundi alipiga simu.

"Asante, mpenzi. Sasa sikiliza vizuri, hizi si kama mahindi..."

Nyuma ya fundi, mwanamke mmoja akaangua kicheko.

"Nani huyo?"

"Ah, huyo shangazi tu."

"Shangazi gani anacheka kimahaba hivyo?"

Binti akakata. Akazima simu hadi mama alipopata nafuu.

Aliporudi alikwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha fundi. Mama mmoja mnene mwenye mvi alikuwa akiuza chaja, akicheka kicheko kile kile. Aibu ikamshika.

"Nisamehe," alimwambia fundi.

"Yameisha. Njoo uone nilivyokutunzia mali yako."

Juu ya bati, kwenye gazeti, mbegu zilikuwa zimetandazwa, zimenywea.

"Zilikuwa zimeota ukungu. Nikaziosha, nikazianika."

Alipasua moja kwa ukucha. Ndani ilikuwa kahawia, kavu kama tumbaku.

"Hizi hazianikwi! Zikikauka zimekufa. Si ungeuliza?"

"Nilikupigia, mpenzi. Kutwa nzima. Ulikuwa umezima."

Kazini alisema kosa ni lake, wala hakudanganya. Jioni ile fundi alimfuata getini, shati limepigwa pasi, pete mkononi.

"Kama ni kosa langu, nipige, nitukane. Ila tuoane."

"Ungekuwa umekosa wewe, ningekusamehe leo hii."

"Sasa tatizo nini?"

"Kila nikikutazama nitakumbuka kwamba nilimaliza kizazi cha mti kwa kumwonea wivu shangazi yako. Nakupenda. Nenda nyumbani."