Plagi ya Barazani kwa Mama

Haya yalimkuta rafiki yangu Tupokigwe, mwalimu huko Kinondoni. Ndugu zake hajawaambia hadi leo, kwa aibu.

Mama yake aliishi peke yake Mbagala. Badala ya kwenda kumwona, Tupo alimwekea barazani plagi ya kisasa, akawa anamwashia taa ya nje kwa simu kila jioni.

"Taa naiona, mwanangu," mama alimwambia siku moja. "Wewe nitakuona lini?"

Mama akafariki, Tupo hajaenda.

Wiki tatu baada ya maziko, jirani alipiga simu: nyumba imefungwa, lakini taa inawaka na kuzimika yenyewe. Tupo akajaribu kuizima kwa simu, ikagoma. Jumapili jioni akaenda mwenyewe. Alibonyeza kitufe cha plagi, akaiunganisha upya na simu, wapi! Mwishowe akaichomoa ukutani. Giza likajaa barazani.

Ufunguo pekee wa nyumba ulikuwa mkobani mwake. Alisimama pale, haya zimemjaa, akanong'ona, "Nisamehe, mama. Nimekuja."

Ndani, kandambili zikaburuzwa polepole sakafuni hadi mlangoni, kisha komeo likavutwa.