Aliyefungua Tawi

Maiti ilikuwa chali chini ya kamba za kuanikia nguo, na shuka jeupe la mtu, bado bichi, lilikuwa limeiangukia usoni. Mwenye shuka alikuwa amekaa kwenye ngazi akilia kwa kwikwi. Alisema halitaki tena, waende nalo.

Inspekta aliinua pembe ya shuka. Mwanamume wa makamo, nguo za rangi ya majani kuanzia kofia hadi soksi. Shingo ilikuwa imelala upande ambao shingo ya mtu hailali. Inspekta akatazama juu. Ghorofa tatu, kisha ukuta mfupi wa paa, na matawi ya mwarobaini yameuegemea.

"Nani huyu?"

"Hapa wanamwita Lenzi, Afande," alijibu Koplo. "Mpiga picha. Anakaa ghorofa ya kwanza."

"Picha za harusi?"

"Za ndege."

Inspekta aligeuka kumtazama. Yeye alijua ndege wa aina mbili tu: wanaoliwa na wanaochafua gari. Kwamba kuna mtu mzima anaamka asubuhi, anapanda paani kuwapiga picha, loo, hilo lilikuwa jipya kwake.

Daktari wa polisi alikuwa amepiga magoti. "Kifo kimetokana na kuanguka, hilo halina mjadala. Lakini tazama mkono huu." Kwenye kifundo cha mkono, karibu na saa, palikuwa na alama nyekundu za vidole. "Mtu alimng'ang'ania kabla hajaenda chini."

"Kwa hiyo hakujikwaa."

"Hakujikwaa peke yake," alisema daktari.

Hawakutafuta sana. Kamera ya marehemu ilikutwa kwenye kibanda cha mlinzi wa jengo, imefunikwa kwa koti lake. Ufunguo wa mlango wa paani ulikuwa mfukoni mwa mlinzi huyo. Na wapangaji wote walisikia jana yake wawili hao wakitukanana uwanjani. Kabla ya saa sita mchana mlinzi alikuwa mahabusu, hana mkanda wala viatu.

"Kamera ulichukua?" Inspekta alimuuliza.

"Nilichukua, Afande. Nilisikia kishindo, nikaenda kumtazama kwanza, kisha nikakimbilia paani, mlango uko wazi kama ninavyouacha kila asubuhi, hakuna mtu. Watu walishaanza kujaa, nikasema kitu cha thamani kile kitaibwa."

"Ukakifunika kwa koti."

"Sasa nikiweke wazi?"

"Ugomvi wenu ulikuwa wa nini?"

"Akina mama walilalamika. Mtu anakaa juu kutwa, kamera ndefu kama bomba, inatazama madirisha ya bafu. Nikamwambia, ndugu yangu, acha tabia hiyo."

"Alikuwa anapiga picha ndege."

Mlinzi alicheka bila furaha. "Kila siku ndege, Afande? Ndege ana nini kipya?"

Inspekta alitaka kucheka naye, akajizuia. Mtu muongo angetafuta jibu zuri kuliko hilo.

Mkuu wa kituo hakuwa na shaka yoyote. "Ufunguo anao, kamera anayo, ugomvi upo. Unataka akuimbie? Kesho mchana anafikishwa mahakamani kwa mauaji."

"Mauaji hayana dhamana, mkuu. Akiingia huko anaweza kukaa miaka kabla kesi haijasikilizwa."

"Basi niletee mwingine kabla ya kesho mchana."

Nje, kwenye benchi, mke wa mlinzi alikuwa anangoja. Tumbo lilikuwa limeshuka, siku zake zimekaribia. Aliyemsindikiza alikuwa mama mmoja mwembamba, muuguzi mstaafu, mpangaji wa ghorofa ya tatu. Jengo zima lilimwita Bi Darubini kwa sababu darubini haikumtoka shingoni, hata akienda dukani. Alikuwa amebeba bakuli la plastiki lenye chakula cha mlinzi.

"Afande, mume wangu anaogopa hata panya," mke alisema. "Panya akiingia ndani, mimi ndiye namtoa. Leo aue mtu?"

"Nitafanya ninaloweza, dada."

"Mimi najifungua wakati wowote. Nitajifungua na nani?"

Bi Darubini alimshika yule binti bega. "Pole, mwanangu. Pole sana. Kula kwanza," alisema, na macho yake yakakimbilia sakafuni.

Asubuhi iliyofuata Inspekta alikaa na kamera ya Lenzi mezani, akapitisha picha moja moja. Alitarajia madirisha ya bafu. Hakukuwa na dirisha hata moja. Kulikuwa na kurumbiza, ndege wa manjano mwenye kichwa cheusi na mdomo mwekundu, amesimama kwenye ukingo wa kiota. Ndani ya kiota, makinda watatu, uchi, midomo wazi. Inspekta alijikuta ameinama kuitazama picha karibu zaidi. Basi kumbe wanapendeza, washenzi hawa.

Kisha akakunja uso. Jana, alipokagua jengo, alisimama paani nyuma ya stendi ya kamera ya Lenzi, palepale aliposimama marehemu. Aliona majani tu.

Alirudia picha. Pembeni tawi kubwa lilikuwa limevutwa nyuma na kufungwa kwenye bomba kwa kamba ya buluu, ncha yake imezungushiwa utepe mwekundu. Vifaa vyote vya Lenzi vilikuwa na utepe huo. Picha ya mwisho kabisa ilionyesha kiota kilekile na kitu cheusi, chembamba, kikiingia kutoka kando.

"Koplo, ile kamba ya buluu iko wapi?"

"Kamba gani, Afande?"

"Ndiyo nakuuliza wewe. Mfukoni mwa marehemu haikuwepo, kwenye begi haikuwepo. Paani je?"

"Paani kulikuwa na stendi na mwanzi mrefu. Basi."

Walikwenda mbio hadi kwa daktari wa meno, jirani wa marehemu na mpiga picha mwenzake. Siku ya kifo alikuwa kliniki tangu asubuhi, na mgonjwa aliyeng'olewa meno mawili alithibitisha kwa uchungu. Daktari alipoziona picha alishusha pumzi.

"Kurumbiza! Kwenye jengo letu? Na hakuniambia, yule mchoyo!"

"Kwa nini tawi limefungwa?"

"Kurumbiza huficha kiota ndani ya majani. Ukitaka kukiona unavuta tawi, unapiga picha haraka, unaliachia."

"Usipoliachia?"

"Jua hili? Hujamaliza kikombe cha chai, makinda wamekufa. Hawana manyoya hao."

"Na hiki cheusi ni nini?"

Daktari wa meno aliisogeza picha karibu na macho. "Ni mwanzi," alisema hatimaye. "Afande, marehemu hasemwi vibaya, lakini picha za Lenzi zilikuwa hazirudiwi na mtu. Kiota alichokipiga yeye, ukienda kesho yake hukikuti. Alikuwa anakibomoa, ili picha ibaki yake peke yake. Sote tulihisi. Hakuna aliyethubutu kumwambia."

Mwanzi ulikuwa unakwenda kubomoa kiota, lakini chini ya mti hakukuwa na kiota kilichoanguka. Tena kuna mtu alifungua tawi, akaondoka na kamba. Mlinzi asingefanya hivyo. Mlinzi hakujua hata kama kuna kiota.

"Nani mwingine angekijua kiota hicho?"

"Mimi nakaa chini, sioni kitu. Mtu wa juu labda," alisema daktari wa meno. Mara akaziba mdomo kwa kiganja, kama mtu aliyetoboa siri ya mwenzake.

Bi Darubini aliwakaribisha jikoni. Dirisha lake lilitazamana na mwarobaini, na kwenye jiko chakula kilikuwa kinachemka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nampikia yule kijana wa watu. Umekuja na habari njema?"

"Bado." Inspekta alikuwa ameshaona alichokuja kukitafuta. Kizingitini mwa dirisha, pamoja na visu na vijiko, palikuwa na kamba ya buluu imeviringwa vizuri kabisa, mviringo juu ya mviringo, kama bendeji. Ncha yake ilikuwa nyekundu. "Mama, twende paani kidogo. Nataka unionyeshe ndege wako."

"Magoti yangu, mwanangu. Ngazi siziwezi siku hizi."

"Tutapanda polepole." Aliichukua kamba. "Na hii naiazima."

Bi Darubini alizima jiko. Alipanda polepole, akishikilia ukuta, mpaka juu.

Jua lilikuwa la utosi na sakafu ya paa ilichoma hadi ndani ya soli. Inspekta alimpa Koplo kamba. Koplo alivuta tawi, akalifunga kwenye bomba kama kwenye picha. Majani yalipoachana kiota kikatokea, kikapu kidogo kimening'inia kwenye panda ya tawi. Makinda walinyoosha shingo wakidhani wameletewa chakula. Juu yao mama yao alipita akipiga kelele.

"Mara ya mwisho ulipanda lini huku, mama?"

"Wiki iliyopita. Sikumbuki vizuri."

"Kiota hiki nani alikijua?"

"Mimi. Na marehemu, mimi ndiye niliyemwonyesha. Fungua hilo tawi, mwanangu."

"Nitafungua. Mlinzi je, alikijua?"

"Yule hajui hata njiwa na kuku. Nimesema fungua, jua kali!"

"Kama mlinzi hakujua, jana nani alifungua?"

Makinda walikuwa wameacha kuomba chakula. Walihema, midomo wazi, ngozi zao nyembamba zikipanda na kushuka. Inspekta alijiona mshenzi. Amehoji majambazi wenye silaha bila kupepesa macho, leo anatetemeka kwa ajili ya viumbe vya ukubwa wa kidole gumba. Lakini kule mahabusu alikuwepo mtu anayengoja gari la mahakamani.

"Nani alifungua, mama?"

"Sijui!"

"Kamba ilifikaje jikoni kwako?"

"Afande," Koplo alinong'ona, "yule mdogo amelaza kichwa."

Inspekta alishindwa. Aliinua mkono kutoa amri tawi liachiwe, kesi ikifa na ife. Lakini Bi Darubini alikuwa ameshampita. Yule asiyeweza ngazi alivuka paa kwa hatua tatu, akalifikia fundo, na vidole vilivyokuwa vinatetemeka vikatulia. Alilifungua bila hata kulitazama. Akalirudisha tawi taratibu, akapanga majani juu ya kiota moja moja. Kisha, pasipo kufikiri, akaanza kuiviringa kamba kiganjani, mviringo juu ya mviringo.

Alipogundua anafanya nini, alisimama.

"Ni mimi," alisema.

Inspekta alimpa onyo kama sheria inavyotaka. Bi Darubini alilisikiliza lote, akaitikia kwa kichwa, akakaa kwenye kivuli cha tangi la maji.

"Miaka yote naishi hapa sijaona kurumbiza akitaga kwenye mti huu. Furaha ilinizidi, nikamwita Lenzi. Nilidhani ananipenda, kumbe ananipendea macho yangu ya kumtafutia ndege. Jana nikamkuta amemaliza picha zake, ameshika mwanzi. Nikamuuliza, unafanya nini? Akacheka. Akasema, bibi, unadhani picha hii nitaigawa na nani? Nikamshika mkono. Akanisukuma, nikamsukuma. Ukuta wenyewe huo, unamfikia mtu magotini."

"Ukafanya nini?"

Bi Darubini alitazama mikono yake. "Nilifungua tawi. Makinda walikuwa wanahema. Nikakusanya kamba, maana ukiacha kamba karibu na kiota inawanasa miguu. Halafu ndipo nikachungulia chini."

Koplo aliacha kuandika.

"Mimi ni muuguzi," alisema yule mama, na sasa alikuwa analia waziwazi. "Nimehudumia watu maisha yangu yote. Nilikwenda kwa ndege kwanza."

"Na mlinzi? Unampikia, unamwambia mkewe pole, na huku unajua!"

"Nilikuwa nangoja makinda waruke. Siku chache tu, wangeota mabawa, ningekuja mwenyewe. Naapa."

Hasira ilimpanda Inspekta. "Makinda umeshindwa kuwaona juani muda mfupi tu, mama. Mtoto wa mwenzako ungemwacha azaliwe baba yake yuko gerezani."

Bi Darubini hakujitetea. Alinyoosha mikono ikafungwa pingu.

Kituoni walikutana mlangoni. Mlinzi alikuwa anavaa viatu vyake, mkewe amemshikia mkanda. Koplo alikuwa ameshawaeleza.

"Shikamoo, mama," mlinzi alisema kwa mazoea, kisha akaziona pingu.

Bi Darubini alishindwa kuitikia. "Nisamehe, mwanangu. Nimekukosea sana. Nina ombi moja, na sistahili kukuomba. Kunguru wameshakiona kiota. Sasa hapatakuwa na mtu. Ukiwa zamu, uwe unawafukuza, mpaka waruke."

Mlinzi alimaliza kufunga kiatu, akamtazama. Hakuonekana kuwa na hasira, bali uchovu.

"Zamu gani, mama? Walinifuta kazi siku ileile niliyokamatwa. Ufunguo wa paa wamepewa watu wengine."

Mkewe alifungua mkoba. Alitoa lile bakuli la plastiki, limeoshwa na kufutwa, akaliweka mezani mbele ya Bi Darubini. Kisha akamshika mumewe mkono, wakatoka.