Kitufe cha Saba

Usukani ulikuwa na vitufe sita, lakini redio ilionyesha kwamba imejifunza saba.

Harithi alihesabu tena kwa kidole. Kuongeza sauti, kupunguza, kwenda mbele, kurudi nyuma, kunyamazisha, kupokea simu. Sita. Kwenye kioo cha redio mpya ziliwaka alama saba za kijani, na ya saba haikuwa na jina.

Alikuwa fundi wa redio za magari Chang'ombe ya Dodoma, mwaka wa kumi na moja sasa, na kazi hii aliijua. Gari la Elisha, gari dogo la abiria lililong'olewa viti vya nyuma ili libebe zabibu kutoka Hombolo, lilikuwa na usukani mtupu. Elisha alitaka redio ya kisasa na vitufe vya kubonyeza kwa kidole gumba, asiwe anainama kutafuta kituo huku lori linamjia. Harithi akamtafutia usukani wa mtumba kwenye vyuma chakavu. Aliuosha kwa sabuni mara tatu. Kila ulipokauka ulirudi kunata, kama kiganja cha mtu aliyetoka kula nyama ya mafuta.

Nyaya zikishaunganishwa, redio hufundishwa. Fundi hulala chali chini ya dashibodi, ameshika nyaya, na mtu mwingine hukaa kiti cha dereva abonyeze kitufe kimoja kimoja anapoambiwa. Fundi aliyemfundisha Harithi kazi alikuwa na sharti moja: usitoke chini kabla hujasema, "Imetosha, shuka." Wa juu asiposikia hivyo ataendelea kubonyeza, na redio itaendelea kujifunza upuuzi.

Siku ile Harithi alisema, "Bonyeza," na kitufe kikabonyezwa. "Kinachofuata." Kikabonyezwa. Karibu na shavu lake palikuwa na mguu. Hakuutazama, lakini aliunusa: harufu ya soksi mbichi, na ya maziwa yaliyolala kwenye kibuyu kisichooshwa. Akajiambia kwamba mtu aliyetoka shambani haonewi kinyaa, akabana pumzi. Harufu ilipomzidi akajivuta nje haraka, bila kusema neno.

Kiti kilikuwa kitupu. Elisha alikuwa anavuka barabara na chapati mkononi.

"Samahani fundi, njaa imenishinda. Tuanze sasa?"

"Tuanze nini tena? Si tumemaliza?"

"Umemaliza na nani?" Elisha alicheka. "Au umeajiri mtu, hutuambii?"

Harithi naye akacheka, maana hakujua afanye nini kingine. Kiti cha dereva kilikuwa kimelowa, mwezi wa nane, Dodoma ambako hata nguo nzito hukauka kabla ya adhuhuri. Alipokifuta, kitambaa kilivuta uzi mrefu wa ute. Akakitupa, akaosha mikono hadi viwikoni.

Siku ya tano Elisha alirudi na mkewe, Raheli. Hakusalimia. Alifungua mlango wa nyuma, akasema, "Chukua moja."

Kreti zilikuwa zimejaa vichala vizuri, vyeusi, vya kung'aa. Harithi alichuma punje, nayo ikabonyea vidoleni kama kope la jicho. Ilikuwa ngozi tupu. Akachuma nyingine, na nyingine. Kila punje ilikuwa imefyonzwa kupitia kitundu cha kikonyo, kisha ikarudishwa mahali pake kwa uangalifu, na ndani yake mlibaki mate ya vuguvugu.

"Redio je?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Inajiwasha. Hakuna muziki. Kuna mtu anakula." Elisha alimeza mate, kisha akaonekana kujutia kuyameza. "Hatafuni, fundi. Ananyonya."

"Mwambie na la mkono," alisema Raheli.

"Mwambie mwenyewe."

Raheli alifungua upande wa khanga aliokuwa ameuzungushia mkono wa kushoto. "Mara ya kwanza nilisinzia njiani, nikasikia joto kwenye kidole. Nikadhani huyu bwana kakumbuka ujana. Nikaacha kupanda gari. Jana nilikuwa jikoni, gari liko uani limezimwa. Nikasikia redio inapanda sauti, na kidole kikalowa."

Vidole viwili vilikuwa vyeupe, vimekunjamana kama vya mtu aliyefua siku nzima. Cha shahada hakikuwa na ukucha. Raheli alikigusa, na ngozi ikateleza juu ya mfupa kama mkono wa shati lililompwaya mtu.

"Nimepewa dawa ya kupaka, haisaidii. Fundi, kila siku kinapungua. Kikiisha kidole atahamia wapi?"

Harithi aliwapeleka kwa Bi Mwanahawa, mdogo wa marehemu mama yake, ambaye watu walimfuata kwa mambo ya majini na ambaye siku hiyo alikuwa anapepeta mchele.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba." Alisikiliza yote bila kuacha ungo. "Mnamtukana bure," alisema mwishoni. "Aliitwa kwenye kazi, akaifanya. Nani alimwambia imetosha?"

Harithi aliinamisha kichwa.

"Basi rudi ulipolala. Afute alichokifundisha, kimoja kimoja. Kikizimika cha mwisho, mwambie imetosha, shuka, nenda korongoni kwenye mchanga usio na watu. Mpe na mahali pa kwenda, Harithi. Hilo usilisahau hata kidogo."

Njia nzima Harithi alikariri: imetosha, shuka, nenda korongoni kwenye mchanga usio na watu.

Ilikuwa saa saba mchana, jua limesimama utosini na upepo unaburuta mifuko ya nailoni barabarani. Bi Mwanahawa alizunguka gari na chetezo cha ubani. Elisha na Raheli walisimama kando, wameshikana. Harithi akalala chali chini ya dashibodi, redio ikining'inia kwa nyaya zake juu ya uso wake, na kusema, "Bonyeza."

Springi za kiti zikalia, taratibu, zikipokea uzito mwingi.

Alama ya kwanza ikazimika. Nje, Raheli aliguta. Ya pili ikazimika, na ya tatu, na safari hii Harithi aliutazama mguu, kwa sababu ulikuwa umemgusa sikio, mguu mweupe uliovimba kama kitu kilichokaa majini miezi mingi, unyayo wake hauna mistari, na katikati ya vidole vyake vimebanana vingozi vya zabibu vinavyosogea kila kidole kilipokunjuka, na harufu ile ya maziwa mabovu ikashuka juu yake nzito kama blanketi lililolowa, na kutoka juu, kwenye shingo ya usukani, ukaanza kuteremka uzi wa mate, mrefu, wa vuguvugu, ukicheza na upepo mdogo wa pumzi ya mtu aliyeko kule juu, ukatua kwenye kidevu chake, ukapanda mdomoni, ukasukuma, ukisubiri afungue, na alama ya nne ikazimika, na ya tano, na ya sita, na ile isiyo na jina ikapepesa muda mrefu kabla ya kufa, na Harithi akajua kwamba sasa lazima afungue mdomo, akaufungua, mate yakaingia yote, matamu, matamu kama zabibu, na ulimi wake ukasema kile ulichozoea kusema kwa miaka kumi na moja.

"Imetosha, shuka."

Uzito ulipita juu ya kifua chake, ukatulia. Akajiburuta nje na kutapika vumbini mpaka akatoa nyongo.

"Vimekauka!" Raheli alikuwa anapiga kelele, ameinua mkono. "Elisha, ona, vimekauka!"

Bi Mwanahawa alichuchumaa karibu na Harithi. "Ulimwambia pa kwenda?"

"Nilimwambia," alijibu. Hakuwa anadanganya. Alikuwa ameyakariri maneno yale mara nyingi kiasi kwamba aliyasikia bado yakilia kichwani.

Baada ya wiki mbili Elisha na Raheli walifika nyumbani kwake na sinia la zabibu. Salwa, mkewe Harithi, aliwatandikia mkeka ukumbini. Kidole cha Raheli kilikuwa kimeanza kuota ukucha, mwekundu kama wa mtoto mchanga.

"Redio inaimba sasa," alisema Elisha. "Tatizo mama huyu anaimba nayo."

"Na wewe unasinzia nikinyamaza," alijibu Raheli. "Nani anakufikisha Hombolo?"

Salwa alicheka. Harithi alikuwa anakula tu. Tangu siku ile chakula kilikuwa hakimpandi, lakini zabibu hizi zilimwingia vizuri mno.

Raheli alikuwa anatazama sinia. Harithi alikuwa amekula muda wote, lakini vichala vililala vile vile walivyovileta, punje zote mahali pake. Kisha punje moja ikabonyea, polepole, na mate yakachuruzika kwenye kikonyo.

Raheli aliuficha mkono wake ndani ya khanga.

"Umeshiba, baba Fahadi?" Salwa aliinama, akanyoosha mkono kuondoa sinia. Vidole vyake, vinene, vyenye harufu ya unga na sabuni, vilipita karibu na uso wa mumewe.

Kinywa cha Harithi kikajaa mate.