Mafiga Ndani ya Maji ya Chumvi

Jioni hiyo nilitoka uani kuchota maji ya mvua kwenye pipa. Kazi ya kawaida tu. Maji ya bahari yakikaa ndani ya kioo hupungua, lakini chumvi yake haiendi popote, kwa hiyo kila jioni nilikuwa naongeza maji kidogo ili samaki wasiungue.

Niliporudi sebuleni, nyumba ilikuwa inanuka moshi.

Moshi wa kuni mbichi... Nami nilikuwa napikia makaa.

Huu ulikuwa mwaka wa sabini na tatu, mjini Kisii, mbali na bahari kama unavyojua. Mume wangu Thadeus alikuwa amehamishwa kutoka Mombasa kuja kwenye ofisi ya hapa, na badala ya kurudi na godoro zuri kama watu wengine, alirudi na sanduku la kioo refu kama kitanda, samaki wanane, na madebe ya maji ya bahari juu ya lori. Thadeus alikuwa mtu wa kupenda kuonekana. Watu walipiga hodi kwetu kuja kuiona bahari, naye aliwasimulia habari zake utadhani yeye ndiye aliyeichimba.

Mpangaji wa mawe nilikuwa mimi. Kazi hiyo niliipenda, sifichi. Mawe ya majini hayapangwi kwa mstari kama wanafunzi. Jiwe kubwa unalisogeza kando ya katikati, jicho lipate pa kutembea. Nyuma unaacha njia ya maji. Jiwe moja unaliegemeza juu ya mengine mpaka ubaki mlango wa samaki kupita, halafu upande mmoja unauacha mtupu kabisa. Huo utupu ndio unaoyapa mawe uzuri. Nilikuwa naweza kuzamisha mikono mpaka mabegani, nikasahau hata chungu jikoni.

Shida ni kwamba matumbawe tuliyotoka nayo pwani yalioza njiani tukayatupa. Basi Jumapili moja Thadeus akaenda kwao Nyamarambe peke yake, akarudi na mawe matatu ndani ya buti ya gari. Mawe meusi, mazito, yamelainika migongoni. Moja kubwa, moja refu, moja lina pengo mdomoni. Nilipoyasugua, maji yakawa meusi ti. Nikasugua tena. Yakawa meusi tena.

Nilimuuliza ameyatoa wapi. Akasema mtoni, akatoka kwenda kuosha gari ambalo halikuwa chafu.

Kwao sikuwahi kufika. Tulioana Mombasa, na tangu turudi alikuwa akiahirisha: mara barabara mbaya, mara mvua. Mama yake, aliniambia, alikufa zamani. Kwetu sisi Wagusii bibi harusi huonyeshwa moto na mama mkwe. Anapika kwenye mafiga yake, mbele ya macho yake, ndipo anahesabiwa mke wa boma hilo. Mimi sikuwa na wa kunionyesha. Wanawake wa kanisani walilijua hilo, na waliponiita "mgeni wetu" nilikuwa natazama chini. Nilitaka kitu kimoja tu, kuitwa mke wa mtu kwao.

Sasa rudi kwenye ule moshi.

Nilisogea kwenye kioo na karai langu la maji. Mpangilio wangu haukuwepo. Mawe matatu yalikuwa yamevutwa pamoja, yametazamana. Kubwa nyuma. Lenye pengo kushoto. Refu kulia, limeinamia mlangoni.

Mafiga.

Nilidhani ni Thadeus ananitania. Nikayatenganisha. Kesho yake, taa zilipowashwa, yalikuwa yamerudi vilevile. Kubwa nyuma, pengo kushoto, refu kulia. Nikapanga upya, yakarudi. Hata siku moja hayakukosea nafasi. Nilimwita Thadeus aone. Akaniambia nisimwambie mtu.

Jioni nyingine nikatia mkono majini.

Yalikuwa na uvuguvugu.

Jumamosi ile tulikuwa na wageni, Mzee Manasseh wa kanisa letu la Kisabato na mkewe Tryphosa. Walikuja jua likizama, sabato ikiisha. Thadeus alitaka sana kufanywa mzee wa kanisa. Aliwaketisha mbele ya kioo, akanituma nilete chai.

Jikoni palikuwa na mtu.

Bibi kizee, amekaa sakafuni kando ya jiko langu, miguu ameinyoosha. Mlango wa uani nilikuwa nimeufunga. Nguo zake zililowa chapachapa, na hakukuwa na mvua. Alinuka moshi.

Sikupiga kelele. Nilifikiri ni mama maskini aliyepotea, na mwenye njaa hafukuzwi. Nikampa kiti, akakataa. Nikampa viazi vilivyopoa. Akavitazama tu.

"Cha baridi nimekula cha kutosha," alisema polepole, kwa Kigusii. "Nimekuja kupika."

"Upike nini, mama?"

Alikuwa anachora sakafuni kwa kidole chenye masizi. Alama tatu...

Thadeus akaingia kuuliza chai imefia wapi. Alipomwona, akashika mlango. Mzee Manasseh alikuwa nyuma yake, amekuja kunawa mikono, akauliza kwa upole huyu mama ni nani.

Yule bibi aliinua uso. Nikaona paji la uso, nikaona masikio. Nikaona mume wangu akiwa mzee.

"Simjui," alisema Thadeus. "Ni wa kuuza ndizi."

Sijawahi kuona haya kama niliyoona wakati huo, na hata jina la yule bibi nilikuwa silijui. Uso uliniwaka. Yeye hakukasirika. Aliinama tu na kuvuta shuka lake lililolowa, akafunika magoti, kama mtu aliyekutwa uchi mbele ya mwanawe.

Ndipo Tryphosa akaita kutoka sebuleni. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Njooni. Maji yenu yanachemka."

Tulikimbia. Mvuke ulikuwa umefunika kioo kizima. Nyuma yake mafiga matatu yalikuwa yametulia mahali pake, na samaki wote wanane walielea juu, weupe, macho yametoka. Walikuwa wameiva. Harufu yao ilikuwa ya chakula kizuri. Kisha kioo kikalia ta... na bahari yote ikamwagika juu ya viatu vya Mzee Manasseh.

Niliporudi jikoni hapakuwa na mtu. Zilikuwepo alama tatu za masizi tu. Wageni waliondoka bila sala na bila chai.

Usiku ule sikumuuliza Thadeus kitu. Alikaa kitandani amenipa mgongo. Kulipopambazuka mtu akabisha, ametumwa kutoka Nyamarambe. Bosibori, mama wa Thadeus, alikuwa amefariki Ijumaa jioni.

Kwao nikafika hivyo, nimepakata jiwe lenye pengo mapajani, mengine mawili kwenye buti. Mong'ina, mke wa baba yake mdogo, alitupokea bila kumtazama Thadeus. Alinisimulia mimi. Mwana alikuja akayachukua mafiga ya mama yake, yale aliyoletewa na mumewe alipoolewa, akaahidi kumletea jiko la mafuta ya taa. Mama akawatangazia majirani wote. Jiko halikuja. Angeweza kuokota mawe mengine, lakini watu wangeuliza jiko la mwanawe liko wapi. Angeweza kuomba moto kwa Mong'ina, wangeuliza vilevile. Aliona soni. Akawa anasema ameshakula. Walimkuta ameketi mbele ya mashimo matatu kwenye sakafu ya udongo, na viazi vibichi vimeumwa nusu.

"Na nguo zake zimelowa," alisema Mong'ina. "Hatujui kwa nini. Kijito kiko mbali."

Thadeus alikuwa amesimama nje ya mlango. Hakuna aliyemwambia aingie.

Baada ya maziko, boma lilihitaji moto. Niliyabeba mafiga mwenyewe. Sikuuliza. Nikaweka kubwa nyuma. Lenye pengo kushoto. Refu kulia, limeinamia mlangoni. Kila moja liliingia kwenye shimo lake na kutulia.

Mong'ina akanishika mkono.

"Nani alikuonyesha?" alinong'ona.

Nilitaka kusema sijui. Niliona aibu kusema, kwa sababu nilijua sasa zile jioni zote yule bibi alikuwa akifanya nini, na mimi nilikuwa nayatenganisha mawe yake ili wageni wapendezwe.

"Mama mkwe," nikasema.

Mong'ina aliitikia kwa kichwa polepole, kisha akaniletea unga wa wimbi. Nikasonga obokima, ugali wetu, mbele yao. Wakaniita mke wa Thadeus, mke wa boma hili. Maneno niliyoyangoja miaka yote, na sikuweza kuinua uso kuyapokea.

Tulikula. Wanawake walitafuna, wakatazamana. Mong'ina akanisogelea, asitake kuniaibisha mbele ya watu.

"Umepika vizuri, mwanangu," alisema. "Ila chumvi umezidisha."

Obokima haitiwi chumvi. Wala mimi sikuwa nimetia. Mlangoni, Thadeus alikuwa amepewa sehemu yake kwenye sahani, anakula ameinamisha kichwa, tonge baada ya tonge, maji yakimtiririka mdomoni na kulowesha shati.